Mistari Niliyoiona Haina Kazi

Dotto ndiye aliyenisumbua niandike. Anasema vijana wanaoingia sasa idara ya kompyuta pale mgodini wanajua mengi kuliko tuliyojua sisi, ila hawajui tulikotoka, na mimi nikishazama kwenye shamba langu la dengu nitasahau kila kitu. Nimekubali kwa sharti moja: sitaandika vyeo nilivyopata wala nilivyonyimwa, maana orodha ya pili ni ndefu na haimsaidii mtu. Nitaandika habari za mifumo endeshi, ile programu inayoamka kwanza ukiwasha kompyuta na kuziruhusu nyingine zote zifanye kazi. Nimeishi nayo zaidi ya miaka thelathini, nikiipima ukubwa, nikiilinganisha, nikiisifia na kuisengenya. Nitaandika pia jinsi upimaji wangu huo ulivyobakiza dakika chache kumuua mtu.

Nilianzia kwenye ginari, kiwanda cha kuchambulia pamba, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, miaka ya tisini ikiwa ndiyo inaingia. Nilikuwa na cheti cha kompyuta cha mwaka mmoja na gauni jipya nililoshonewa na mama pale Ngokolo. Fundi mkuu alikuwa Mzee Lugembe, mtu mfupi, mpole, mwenye miwani iliyounganishwa kwa waya wa shaba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akafungua droo na kunipa brashi ya kupakia rangi.

"Ya nini hii, mzee?"

"Ya pamba, ng'wanawane, mwanangu. Hapa kompyuta haziuawi na virusi. Zinauawa na pamba."

Wiki mbili nzima sikugusa kibodi. Asubuhi nafungua kompyuta tatu, nazipiga brashi, nachomoa nyuzi za pamba kwenye feni kwa kibanio cha nywele, nafunga. Jioni narudia. Gauni lile niliacha kulivaa siku ya pili. Wiki ya tatu ndipo aliponiita kwenye meza yake na kunionyesha flopi moja nyeusi.

"Huu ndio mfumo wote," akasema.

Ulikuwa DOS, na kweli uliingia wote kwenye flopi ile, nafasi ikabaki ya barua za meneja. Mzee Lugembe aliibeba kwenye mfuko wa shati, nyuma ya kalamu. Akifika kwenye mashine iliyogoma anaichomeka, anaiwasha, anafanya kazi yake, anaichomoa na kuondoka na mfumo mzima kifuani. Nilimwona kama daktari, na mpaka leo nikimkumbuka namwona hivyo.

Miaka michache baadaye mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam, aliyekuja kukagua mizani, alituachia sidii ya mfumo mpya ambao hatukuwahi kuusikia, unaitwa Linux. Ajabu yake ni kwamba ulikuja pamoja na msimbo wake, yaani ile mistari yenyewe iliyoandikwa na watu kabla haijageuzwa kuwa lugha ya mashine. DOS tulikuwa tunaitumia tu. Ndani yake hatukuruhusiwa kuchungulia. Huu ulikuwa wazi mpaka mifupa. Kwenye sidii mlikuwa na toleo lake la kwanza kabisa, mistari kama elfu kumi.

Mzee Lugembe alisema tuichape. Tulikuwa na printa ya sindano, yale madude yanayolia kama mashine ya kusaga, na ilichapa tangu asubuhi hadi wafanyakazi wanatawanyika. Mistari sitini kila ukurasa, kurasa mia moja na sabini hivi. Mzee akazigonga mezani zikakaa sawa, akazipima kwa mkono.

"Theluthi ya rimu," akasema. Alivyosema ungedhani amepima dhahabu.

Alizisoma mchana wakati wa chakula, kalamu nyekundu mkononi, mwezi mzima. Alipomaliza nikamuuliza ameonaje.

"Nimeelewa nusu," akasema. "Nusu nyingine nimeiheshimu."

Toka siku hiyo rimu, lile bunda la karatasi mia tano, ndiyo ikawa kipimo chetu. Kwenye sidii ileile kulikuwa na toleo lililofuata, lililokuja miaka michache tu baada ya lile la kwanza. Nikapiga hesabu: karibu rimu sita. Mzee akaguna, akaifunika printa kwa kitambaa, akasema tuiache ipumzike. Nilimuona amehuzunika kidogo. Aliamini kwamba mfumo ambao mtu mmoja hawezi kuusoma wote kabla hajastaafu, hakuna mtu anayeweza kuuwekea dhamana. Aliniambia hivyo mara nyingi, nami nikaimeza bila kutafuna.

Ginari iliposimama alifungua karakana mjini, akanichukua. Kazi iliyonifundisha zaidi enzi hizo niliifanyia Isaka, kwenye ofisi moja ya mizigo jirani na bandari kavu. Walitaka waondolewe DOS, wawekewe Windows ya mwaka tisini na tano. Nilipanda treni na flopi kumi na tatu ndani ya kopo la maziwa ya unga, zimefungwa kwa kanga zisipigwe joto. Flopi ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia, karani mmoja amesimama nyuma yangu anahesabu kwa sauti kama yuko kwenye mnada wa ng'ombe. Ya kumi na moja ikagoma. Nikaifuta, nikaipulizia, nikaiombea. Ikagoma. Ikabidi nirudi Shinyanga kuchukua nyingine, na ile ofisi ikakaa siku mbili bila mfumo wa zamani wala mpya, malori yamepanga foleni, madereva wananitazama kama mtu aliyewaibia.

Nilipomsimulia Mzee Lugembe alicheka mpaka akavua miwani. "Flopi moja kwa kumi na tatu," akasema. "Ile moja haikuwa na ya kumi na moja ya kugoma."

Lakini haki niitendee. Siku ya tatu, Windows ile ilipowaka pale Isaka, yule karani alichomeka printa yake nayo ikachapa. Kwenye DOS nilikuwa natumia siku nzima kuzipatanisha programu na printa, kila programu na lugha yake. Hapa nilijibu maswali mawili, basi. Karani alidhani ndivyo inavyokuwa siku zote. Mimi nilikaa chini. Ndani ya zile flopi kumi na tatu kulikuwa na mtu aliyewahi kuifikiria printa ya karani wa Isaka, au ndugu yake printa hiyo, akaandika namna ya kuongea nayo. Niliona, nikashangaa, kisha kwa ubishi nikasahau.

Mzee Lugembe alifariki nikiwa bado karakana. Baada ya hapo nilipata kazi mgodini, upande wa Geita, mgodi mdogo wa chini kwa chini ambao sitautaja jina kwa sababu wenyewe hawajaniomba niutangaze. Nikapanga nyumba mtaa wa Kalangalala na watoto, na huko ndiko nilikomalizia utumishi wangu wote.

Rimu sikuziacha. Kila toleo jipya lilipotoka nilikaa na kikokotoo. Kiini cha Linux, ile sehemu ya ndani kabisa inayoongea na chuma, kilitoka theluthi ya rimu ya Mzee Lugembe kikavuka rimu ishirini, kikavuka mia, na leo kina mistari zaidi ya milioni thelathini. Gawanya kwa sitini, gawanya kwa mia tano: zaidi ya rimu elfu moja. Ni tani mbili na nusu za karatasi, lori dogo zima, na dereva wake atalalamika. Windows hawatoi msimbo wao hadharani, kwa hiyo tunategemea makadirio ya watu; ile ya XP husemwa ni mistari kama milioni arobaini. Niliyabandika mahesabu haya ukutani ofisini, na kila mgeni aliyeingia nilimsomesha hata kama amefuata wino wa printa.

Dotto alipoajiriwa alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mhandisi, Msumbwa wa Bukombe, mwenye adabu na macho yanayoona kila kitu. Aliusoma ukuta wangu kimya. Nikamuuliza anaonaje.

"Hesabu ni nzuri, Mama Kabula. Ila naomba niseme kitu."

"Sema."

"Hapa umeweka kiini peke yake. Hapa umeweka mfumo mzima, na madirisha, na michezo ya karata. Ni kama kulinganisha moyo wa ng'ombe na zizi zima."

Nilicheka, kwa sababu alikuwa amenipata. Akaendelea, kwa sauti ya chini, kwamba hata rimu elfu moja za kiini, nyingi siyo kiini chenyewe. Ni draiva, vipande vidogo vya programu, kila kimoja kinaifundisha kompyuta kuongea na kifaa fulani: printa hii, kamera ile, kadi ya mtandao ya kampuni iliyokwisha kufa. Mashine moja huamsha vichache inavyovihitaji, vingine hulala kwenye diski bila kumsumbua mtu.

"Basi kama vimelala, mimi sivilishi," nikamwambia. "Vitoke."

Akarudi kwenye meza yake. Nilikuwa na umri wa mama yake.

Sasa sikilizeni vizuri, vijana. Mgodini kwetu kulikuwa na ubao wa mbao na vibati vya shaba. Ukishuka unatundika kibati chako, ukipanda unakichukua. Kabla ya kulipua miamba, mlipuaji mkuu anasimama mbele ya ubao, anahakikisha hakuna kibati kilichobaki. Mimi ndiye niliyeleta ubao wa kompyuta. Kila mfanyakazi akapewa kadi, milango miwili ya kushukia ikawekwa visoma kadi, na majina ya walio chini yakawa yanatokea kwenye skrini. Baada ya mwaka wa majaribio ubao wa mbao ukang'olewa. Nilisimama pale nikishangilia.

Kompyuta ya ubao huo ilitumia Linux, tena Linux niliyoipunguza kwa mikono yangu. Umeme wa kwetu ulikuwa ukikatika mara kwa mara, na nilitaka mashine ikirudi iamke upesi. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa kwa wakubwa. Sababu yenyewe ni kwamba nilitaka mfumo wangu ukaribie theluthi ya rimu. Nilikaa wiki nzima napitia orodha ya draiva na kufuta. Kamera, toka. Kadi za sauti, tokeni, nani anapiga muziki kwenye ubao wa mgodi? Nilifika kwenye draiva za zile adapta zinazounganisha vifaa vya waya wa zamani na tundu la USB, ziko nyingi, kila chipu na yake. Visoma kadi vyetu vyote viwili vilitumia chipu ya aina moja. Nikaibakiza hiyo, nyingine nikazifuta kwa mkupuo. Nilijiona nimerudisha heshima ya Mzee Lugembe.

Ilifanya kazi miaka miwili bila kukohoa, na niliwatambia wote waliotaka na wasiotaka kusikia.

Kisha kisoma kadi cha mlango wa pili kikaingia maji, kikafa. Mlango huo hupitwa na watu wachache, hasa wahudumu wa pampu za kutoa maji. Kikaletwa kingine kipya, umbo lilelile, rangi ileile, adapta imo ndani. Nilikifunga mwenyewe. Nikapitisha kadi yangu, kikalia piii, taa ya kijani ikawaka. Nikasaini fomu, nikaenda kunywa chai.

Piii ile inatoka kwenye kisoma kadi chenyewe. Hailetwi na kompyuta. Nilikuwa nalijua hilo vizuri, na ningemkemea kijana yeyote aliyeridhika na piii bila kwenda kutazama skrini.

Siku ya tisa umeme ulikatika saa sita mchana, ukarudi, mashine ikaamka upesi kama kawaida yake. Ulipuaji ulipangwa saa kumi alasiri. Saa kumi kasoro robo nilikuwa nakunja vitu vyangu, Dotto amekaa mbele ya mashine anasoma kumbukumbu za mfumo, ile mistari ambayo kiini huandika kueleza kilichokiona wakati kinaamka. Alikuwa anatafuta kwa nini saa ya mashine imechelewa.

"Mama Kabula," akaita. "Njoo uone hapa."

"Nini?"

"Kiini kinasema kimeona kifaa kipya kimechomekwa, mlango wa pili. Baada ya hapo hakisemi kitu. Hakuna anayeongea nacho."

Nikainama. Akaandika amri, akaita kadi zote zilizopita mlango wa pili. Ya mwisho ilikuwa na siku tisa.

"Labda hakuna aliyepita," nikasema, na wakati nasema nilijua ni upumbavu.

"Mama, watu wa pampu wanapita kila siku."

Kwenye skrini ya ubao namba ilikuwa sifuri. Siku zote nane zilizotangulia wahudumu wa pampu walikuwa wamewahi kupanda pamoja na wenzao, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Dotto alinitazama nusu sekunde, kisha akafanya jambo ambalo sikutegemea angelifanya. Alinyakua redio kol kutoka mezani pangu.

"Simamisha baruti! Narudia, simamisha baruti!"

Mlipuaji mkuu alijibu, sauti imekauka. "Nani huyo? Watu wote wametoka. Ubao unasoma sifuri."

"Ubao ni mwongo."

"Mama Kabula yuko hapo?" akauliza mlipuaji. "Anasemaje yeye?"

Dotto akaninyooshea redio. Yule bwana alikuwa ananiamini miaka yote. Ningesema sifuri ni sifuri, angebonyeza. Nilibonyeza kitufe.

"Ubao wangu ni mbovu," nikasema. "Mlango wa pili haujaandika mtu siku tisa. Usilipue."

Akasema sawa. Sijawahi kusikia neno tamu kama lile.

Tukapiga simu ya kituo cha pampu, ile ya waya, iliyoko chini. Iliita. Iliita mpaka ikakata. Tukapiga tena. Dotto alikuwa amefumba macho, mdomo unacheza, anasali. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Nani tena?" sauti ikafoka. "Nina matope mpaka magotini huku!"

Alikuwa Mayunga, ambaye sote tulimwita Baba Shija, aliyeanzia kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, kabla hajaajiriwa kwetu. Pampu ilikuwa imeziba kwa tope, akaamua kubaki kuizibua badala ya kuwaachia maji watu wa zamu inayofuata. Wakati anashuka alipitisha kadi, akasikia piii, akaamini kwamba huku juu tunajua yuko wapi.

"Baba Shija, panda," nikasema.

"Yaya, hapana, Mama Kabula, bado kidogo tu namaliza."

"Panda sasa hivi, ndugu yangu. Nakuomba."

Alipanda akiwa anasonya. Mlipuaji mkuu alimpokea mlangoni, akamshika bega. Mimi nilibaki dirishani.

Jioni ileile Dotto alirudisha kiini kizima, kile cha kawaida, na draiva zake zote. Mashine ilipoamka, mlango wa pili ulianza kuongea papo hapo, kama vile hakuna kilichotokea. Chipu ya kisoma kipya ilikuwa ya aina nyingine, na draiva yake ilikuwa mojawapo ya zile nilizozifuta; nikamwomba anifungulie, nione ukubwa wake. Haikufika hata kurasa ishirini.

Tuliisoma wote wawili, bega kwa bega. Juu kulikuwa na jina la mtu wa nchi ya mbali. Chini yake jina la mwingine aliyerekebisha kosa miaka kadhaa baadaye, kisha mwingine. Katikati mmoja alikuwa ameacha maelezo mafupi kwamba baadhi ya chipu hizi hupoteza herufi ya mwisho zikiharakishwa, kwa hiyo hapa tunasubiri kidogo. Mistari mitatu ya kusubiri kidogo. Mtu alikaa mahali fulani, kifaa chake kinampotezea herufi, akahangaika mpaka akajua sababu, kisha akatuandikia na sisi ambao hatujui. Hizo rimu elfu moja nilizokuwa nazicheka ukutani zimejaa watu wa namna hiyo. Wengine vifaa vyao vimeshaoza majalalani na msimbo wao bado unamsubiri mtu wa mwisho mwenye kifaa kama kile. Nililia, na sioni aibu kuandika kwamba nililia. Dotto alinipa kitambaa akaendelea kusoma kwa sauti.

Theluthi ya rimu ya Mzee Lugembe bado naisifu. Ni kazi safi, na kila kijana wa idara yetu aisome mara moja maishani, itamfundisha jinsi mashine inavyofikiri. Lakini ilikuwa ndogo kwa sababu ilitosha mashine ya mwandishi wake, na vifaa vilivyokuwa juu ya meza yake. Ikakua kila mtu mwingine alipokuja na chake. Sikuhitaji miaka thelathini kulielewa hilo, lakini ndiyo niliyotumia.

Kwenye kikao cha asubuhi meneja alikuwa ameshaandaa ripoti. Kisoma kadi kibovu, imeandikwa. Alinitazama kwa huruma. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Nikamwambia kisoma kadi ni kizima, kilikuwa kinaongea vizuri siku zote tisa, mimi ndiye niliyeondoa masikio. Ripoti ikaandikwa upya. Vibati vya shaba vilirudishwa ukutani, kando ya skrini, na viko hapo hadi leo, msikubali viondolewe.

Jumapili yake, baada ya ibada, nilikwenda kwa Baba Shija. Anakaa uchochoro wa pili nyuma ya nyumba niliyopanga. Mkewe alinikaribisha, akaniwekea kiti, akaenda jikoni. Nikamweleza mumewe yote, kwa Kisukuma ili nisipate pa kujificha: kwamba kulikuwa na kipande kidogo cha kompyuta kilichohusika na mlango wake, kwamba nilikiona nikadhani hakina kazi, kwamba nilikifuta kwa sababu nilitaka sifa. Kwamba Dotto ndiye aliyemuokoa, siyo mimi.

Alinisikiliza hadi mwisho, viwiko juu ya magoti. Nje watoto walikuwa wanaruka kamba. Nikafikiri ataniambia niondoke, na ningeondoka.

"Wangesema nini hapa nyumbani?" akauliza mwishowe. "Kwamba nilikuwa wapi?"

"Wangesema ulishatoka. Skrini ilisema umetoka."

"Kwa hiyo wangenitafuta mjini."

"Ndiyo, Baba Shija. Wangekutafuta mjini."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akageukia mlango, akaita. Akaingia binti wa miaka saba au minane, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna, anahema kwa kuruka kamba.

"Shija, msalimie mama."

Mtoto akapiga goti kidogo mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Akasubiri. Nilitazama mguu wake usio na kiatu, nikamwona akimtafuta baba yake mjini. Alibaki vilevile, goti limekunjwa, amekishika kidole changu, akisubiri marahaba yake.